Ziara ya Kisite Ianzie Darasani

Kwa walimu wengi wa shule za bara, kupanga ziara ya pwani ni kupanga mambo matatu: basi, malazi na fedha. Mambo hayo yakishatengenea, barua hupelekwa kwa wazazi, majina huandikwa, na safari huanza. Siyadharau hata kidogo, kwani asiye na nauli haioni bahari. Dai langu katika makala haya ni kwamba ziara iliyopangwa kwa mambo hayo matatu pekee huwafikisha wanafunzi ufuoni bila ya kuwafikisha baharini. Ziara ya hifadhi ya baharini yataka kupangwa pia kwa vitu viwili visivyoonekana katika bajeti ya shule yoyote: mwezi ulioko angani, na maneno yaliyomo vinywani mwa wavuvi.

Nitatumia mfano wa hifadhi moja, Kisite-Mpunguti, iliyoko kusini kabisa mwa pwani yetu katika Kaunti ya Kwale. Watalii wengi hukimbilia Malindi na Watamu, ambazo ndizo hifadhi za kwanza za baharini nchini, zilizotangazwa mwaka wa 1968. Kisite ilifuata mwaka wa 1973, na mipaka yake ikatangazwa upya mwaka wa 1978. Sehemu ya Kisite ni hifadhi kamili, ambamo hakuna ruhusa ya kuvua hata dagaa. Sehemu ya Mpunguti ni hifadhi ya daraja ya pili, ambamo wenyeji huruhusiwa kuvua kwa mitego yao ya asili kama vile mshipi na dema. Sehemu hizo mbili zikijumlishwa zina ukubwa wa kilomita mraba 39 hivi, nazo zimevizunguka visiwa vidogo ambavyo havina wakazi.

Njia ya kufika huko si ngumu. Kutoka Mombasa msafiri hushika barabara ya Lunga Lunga, akipita Ukunda na Msambweni, kisha baada ya Ramisi hukata kushoto kuelekea Shimoni. Hapo barabara huishia, na safari iliyobaki ni ya chombo. Ng'ambo ya pili huonekana kisiwa cha Wasini, na nyuma ya Wasini ndiyo hifadhi yenyewe. Ada za kuingilia hutozwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na kwa kuwa viwango hubadilika, ni busara mwalimu kuuliza mapema na kulipa kabla ya safari. Kuhusu basi na fedha, hayo yatosha.

Sasa tuje kwenye upepo. Shule zetu nyingi hupenda kufanya ziara katika muhula wa pili, pengine kwa sababu muhula wa kwanza ni wa karo na mashindano ya michezo, na muhula wa tatu ni wa mitihani. Kwa anayekwenda kutazama mbuga za wanyama, hilo halina neno. Kwa anayekwenda Kisite, muhula wa pili ndio msimu wa kusi. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili au Mei na huendelea hadi Septemba hivi. Bahari huwa na mawimbi makubwa, na mvua za masika huifanya mito kama Ramisi na Umba ibebe udongo hadi baharini, maji yakawa ya vumbivumbi. Mwanafunzi anayeinamisha uso majini mwezi wa Juni huenda asione kitu, na zaidi ya hayo akatapika chomboni. Kaskazi, ambayo huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huja na maji maangavu na bahari tulivu zaidi. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mwalimu ni kuileta ziara mbele, iwe Januari, Februari au mapema Machi. Anayelazimika kwenda katikati ya mwaka naye hatatoka mtupu, kwa sababu kuanzia Julai nyangumi hupita katika maji hayo wakitoka kwenye bahari za baridi za kusini. Lakini na ajue anakwenda kutazama nini, na ajiandae kwa mawimbi.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoweza kusimama na kudai nafasi yake. Kila mwanafunzi wa Kenya hutumia maneno "kaskazini" na "kusini" anapochora ramani. Ni wangapi wamewahi kuambiwa kwamba maneno hayo ni majina ya pepo yaliyotiwa kiambishi cha mahali, -ni? Kaskazini ni kule itokako kaskazi, na kusini ni kule itokako kusi. Mashariki na magharibi tuliyapata kwa Waarabu, nayo yanahusu kuchomoza na kutua kwa jua. Basi dira yetu ya Kiswahili imejengwa kwa jua na kwa upepo, na aliyeijenga ni baharia. Hata jina la Shimoni limeundwa kwa kiambishi hicho hicho, kwani ni mahali penye shimo, yaani yale mapango makubwa ya mawe ambayo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa. Mwanafunzi aliyefunzwa hayo darasani hushuka garini akiwa tayari na maswali mdomoni.

Baada ya upepo, maji. Mtu wa bara hudhani kwamba bahari ipo tu, kama ziwa, na kwamba ukifika saa yoyote utaikuta mahali pake. Bahari yetu haikai. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, hata tofauti kati ya kujaa na kupwa ikakaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari huwa kama iliyochoka, haijai sana wala haipwi sana. Katika pwani ya Kenya, kupwa kwa bamvua kwa kawaida huangukia kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, wakati ambapo wanafunzi wamekwisha kunywa chai na jua halijawa kali. Anayetaka wanafunzi waone mikoko ikiwa imesimama juu ya mizizi yake, na viumbe wa ufuoni katika vidimbwi vyao, na apange siku ya bamvua. Anayetaka kuwatia majini wanafunzi ambao hawajazoea kuogelea, na apange siku ya maji mafu, mikondo inapokuwa haina nguvu. Kalenda ya mwezi humsaidia tena kwa jambo jingine: Wasini ni kisiwa cha Waislamu, na mgeni mwenye adabu huangalia asije akawafikia wenyeji wake mwezi wa Ramadhani akitarajia kuandaliwa chakula cha mchana, wala asitue saa ya sala ya Ijumaa.

Tumekwisha kupata siku. Sasa twende majini. Mwanafunzi atakapotazama chini ataona samaki wa kila rangi. Akirudi shuleni ataandika insha, na katika insha hiyo ataandika "samaki wa kupendeza" mara sita. Wala si kosa lake. Akilichukua kamusi na kutafuta neno kitatange, changu, tafi au kikande, aghalabu atakuta maelezo mafupi mno: aina ya samaki. Wenzetu watunzi wa kamusi hawana budi kubana nafasi, lakini matokeo yake ni kwamba maneno kumi tofauti humfikia msomaji yakiwa na maana moja. Kwa mwanafunzi wa Nyeri au Kakamega, kitatange na chewa ni kitu kimoja. Yule wa kwanza ni mdogo, bapa, mwenye milia na rangi za kung'ara. Yule wa pili ni mnene, mwenye kinywa kipana, mwenye kuvizia katika tundu la mwamba. Maana ya maneno haya haimo katika karatasi. Imo majini, na ziara ndiyo kamusi yake.

Chukua mfano wa pono. Walimu wetu hufundisha kwamba mtu aliyelala fofofo amelala usingizi wa pono, na mwanafunzi huikariri tamathali hiyo kwa ajili ya mtihani. Pono mwenyewe ni nani? Ni samaki mwenye meno yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku, ambaye mchana kutwa huguguna mwamba hata mtu aliye majini akamsikia. Anachokitafuna hukitoa kikiwa unga mweupe, na sehemu ya mchanga tunaoukanyaga ufuoni ni kazi ya tumbo lake. Usiku hujibanza katika mwamba akalala, na baadhi ya jamii zake hujifunika kwa utando wa ute kama chandarua. Wazee walioitunga tamathali ile walikuwa wamemwona. Sisi tunairithi lugha yao bila ya macho yao, kisha tunashangaa kwa nini wanafunzi wanaona methali na tamathali kuwa ni mzigo.

Sarufi nayo ina mavuno yake huko. Kitatange na kikande huanza kwa ki-, na mwanafunzi asiyemjua samaki mwenyewe husema "kitatange hiki kimepita". Akishamwona akipiga mapezi, haoni tena taabu kusema "kitatange huyu amepita", kwa sababu upatanisho wa viumbe hai hautafuti kiambishi cha mwanzo, hutafuta uhai. Lakini hebu tulitazame neno tumbawe. Twasema tumbawe hili, matumbawe haya, kama tunavyosema jiwe hili, mawe haya. Bayolojia yatuambia kwamba tumbawe ni makao yaliyojengwa na maelfu ya wanyama wadogo sana, walio hai, wenye kula na kuzaana. Lugha yetu haikuwahesabu. Silaumu lugha, mavuvi yalitaka kuujua mwamba, hayakutaka kujua nani aliujenga. Ila mwalimu ana wajibu wa kueleza jambo hili kabla ya safari, kwa kuwa anayedhani kwamba ni jiwe atalikanyaga. Yale matumbawe magumu ya duara hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu hivi kwa mwaka. Tumbawe lenye kimo cha mita moja lilianza kujengwa kabla babu wa mwanafunzi huyo hajazaliwa, na teke moja la mguu laweza kulidhuru.

Wasini yenyewe humpa mwalimu kielezo cha pili cha jambo hilo hilo. Kisiwani kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyokwisha kufa na kugeuka mawe kweli, yakabaki nchi kavu, na kikundi cha wanawake wa kijiji kimejenga daraja la mbao linalompitisha mgeni juu yake na katikati ya mikoko. Asubuhi mwanafunzi aonyeshwe matumbawe yaliyokuwa hai. Baadaye, huko Kisite, aonyeshwe yaliyo hai. Tofauti hiyo haitamtoka kichwani. Naye aambiwe kwamba yaliyo hai hayako salama. Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya yakapauka na kufa. Joto hilo lilirudi mwaka wa 2016, na mnamo Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kupauka kwa matumbawe kumeenea tena katika bahari za dunia nzima. Yamkini kizazi hiki cha wanafunzi ndicho kitakachoamua kama wajukuu wetu watakuwa na cha kuonyeshwa.

Mtu anaweza kuuliza: mambo ya joto la bahari yanahusiana vipi na majina ya samaki? Yanahusiana sana. Mvuvi mwenye majina thelathini ya samaki huona mara moja mmoja wao anapopungua. Mwenye jina moja tu huona samaki wapo. Chukua kikande. Samaki huyu hula wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaowachoma waogeleaji. Utafiti uliofanywa katika pwani yetu umeonyesha kwamba mahali ambapo vikande wamevuliwa kupita kiasi, viumbe hao wa miiba huongezeka na kuuguguna mwamba ukabaki uchi. Ndani ya hifadhi vikande wapo, na mwamba una nafuu. Asiyejua jina la kikande hawezi kuuliza alikokwenda.

Sasa, nani atawafundisha wanafunzi majina hayo? Hapa nina lawama kidogo. Aghalabu wanafunzi wetu wanapopanda chombo hupewa maelezo kwa Kiingereza, kana kwamba ni watalii kutoka Ulaya, na mabango mengi wanayoyakuta nayo ni ya Kiingereza. Mwongozaji ni mtoto wa Shimoni au wa Wasini, baba yake alikuwa mvuvi, naye anajua jina la kila kiumbe kwa lugha ya mama yake. Lakini amezoea kwamba mgeni ni Kiingereza. Katiba ya mwaka wa 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Taasisi ya umma inayotunza hifadhi haina udhuru wa kuliacha bango likiwa na lugha moja. Kwa upande wetu walimu, dawa ni nyepesi: tunapoagiza chombo, tuombe mapema kwamba maelezo yatolewe kwa Kiswahili, na kila samaki atajwe kwa jina atumialo mvuvi.

Na tusidhani kwamba Kiswahili hicho ni kimoja. Kisiwa cha Wasini kina vijiji viwili vikuu, Wasini na Mkwiro, na urefu wa kisiwa chenyewe ni wa kutembea kwa miguu. Wasini wanasema Kivumba, lahaja ya watu waliokuwa na mji wao mkongwe wa Vumba Kuu na watawala wao walioitwa madiwani. Mkwiro wanasema Chichifundi, lahaja ambayo, kama jina lake linavyoonyesha, hutumia chi- mahali ambapo sisi tunatumia ki-. Mwingereza H. E. Lambert aliziandikia lahaja hizo vijitabu, Kivumba mwaka wa 1957 na Chichifundi mwaka wa 1958. Tangu hapo wataalamu wengine wamezigusa, lakini ni walimu wangapi wa Kiswahili nchini wamewahi kuzisikia kwa masikio yao? Wanafunzi wetu husoma orodha ya lahaja na kuikariri kama orodha ya wafalme waliokufa. Huko wenye lahaja wako hai, wanakaanga samaki.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwalimu mmoja atasema kwamba maneno ya wavuvi si Kiswahili sanifu na hayatatahiniwa. Namjibu kwamba usanifu ulikuwa uamuzi wa watu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi, na lahaja nyingine zikabaki nje ya mlango. Hazikuacha kuwa Kiswahili kwa kubaki nje, na lugha sanifu inayokataa kuchota kwao itaishia kukopa kila neno la bahari kutoka Kiingereza, hali maneno yapo umbali wa saa chache kutoka Mombasa.

Mwingine atasema kwamba hifadhi ni ya wanyama na samaki, tusiingize mambo ya watu. Huyo namjibu kwamba watu walitangulia. Hifadhi ilipotangazwa, wavuvi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro walipoteza sehemu ya maeneo waliyokuwa wakivua wazee wao, na kwa wengi wao kovu hilo halijapona. Ni kweli pia kwamba samaki wanaokua salama ndani ya mipaka huvuka na kuingia mitegoni nje ya mipaka, na kwamba wageni wameleta kazi. Mwanafunzi asikilize pande zote mbili, aulize maswali, kisha apime mwenyewe. Somo kama hilo la uraia halimo katika kitabu chochote cha kiada.

Basi napendekeza ratiba hii kwa mwalimu mwenzangu. Wiki nne kabla ya safari, wanafunzi watazame mwezi kila usiku na kuandika umbo lake, wakikadiria siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Wiki mbili kabla, wafundishwe msamiati wa pepo, maji, vyombo na samaki, na kila mmoja apewe maneno matano ambayo atakwenda kuyatafuta. Siku ya ziara, kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha, hata anayejidai kuogelea. Asikanyage tumbawe, asiokote kombe, asimguse kasa. Na avae mavazi ya heshima anapopita kijijini. Ayaonyeshe maneno yake matano kwa mzee au kwa mwongozaji, na aandike alichoambiwa, pamoja na matamshi. Baada ya kurudi, darasa zima likusanye maelezo hayo na kutunga kamusi ndogo ya shule, ambamo hakuna neno litakaloelezwa kwa maneno "aina ya samaki". Kamusi hiyo ipelekwe nakala Shimoni, kwa wale walioitoa. Wageni wengi wamechukua maarifa ya watu wale. Ni vyema mara moja yarudishwe.

Na shule isiyo na uwezo wa kufika pwani? Haikosi maji. Walioko Homa Bay, Busia au Turkana wana ziwa na wavuvi wenye majina yao ya pepo, ya mitego na ya samaki. Na soko la samaki la mji wowote mkubwa lina muuzaji anayejua kumtofautisha changu na tafi. Ratiba ni ile ile. Kinachobadilika ni nauli.

Wazee walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mvuvi huyo anazeeka, na mtoto wake anayetuongoza chomboni anayasahau maneno kwa sababu hakuna mgeni anayemwuliza. Tuwapeleke wanafunzi wakamwulize, na wamwulize kwa Kiswahili.